Kuikata Harusi ya Shangazi

Shangazi yangu aliolewa mara ya pili akiwa na wajukuu, na alikataa katakata kuolewa kwa kunong'ona. Majirani wa Ngamiani, hapa Tanga, walitarajia nikahi ya chapuchapu, tende na kahawa, kisha kila mtu arudi kwake. Yeye akafunga barabara kwa turubai, akaita ngoma ya wanawake, akapaka hina mpaka viwikoni. Akatafuta na mpiga video mwanamke, maana ndani wageni wangevua mabuibui, na hakutaka jicho la mwanamume lisilo na kazi humo.

Mpiga video yule alikuja na mguu wa kamera, akausimamisha kwenye kona ya ukumbi wa nyumba, akachomeka umeme, akawasha. Baada ya hapo alikula pilau, akacheza ngoma, akapatana na mtu kuhusu harusi nyingine. Kamera iliachwa ijitegemee. Shangazi alichokabidhiwa ni flashi yenye video moja ndefu ya zaidi ya saa tano. Ndani yake harusi ilikuwemo, lakini ulikuwemo pia mgongo wa jirani yetu mmoja mnene aliyesimama mbele ya lenzi tangu bibi harusi alipotolewa mpaka sinia la halua lilipopita.

"Kuikata na kuipamba ni baada ya Idi," mpiga video alimwambia Shangazi kwenye simu. "Mimi niko Korogwe, nina harusi tatu huku."

Shangazi hakuwa na subira ya kungoja Idi. Binamu zetu wa Maskati walikuwa wameshaanza kuuliza picha ziko wapi, na kuuliza kwao kulikuwa na harufu ya kutoamini. Hapo ndipo mama yangu aliponitoa sadaka.

"Mpe huyu," alisema. "Ana kompyuta, na ni mwanamke."

Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Mama anaamini mtu aliyesoma sayansi anaweza kutengeneza pasi, redio na figo. Nilijaribu kueleza kwamba sijawahi kukata video maishani, lakini Shangazi alikuwa ameshavua viatu na kukaa kitandani kwangu, flashi mkononi.

"Haya mwanangu, nikate."

Nilitafuta mtandaoni njia ya bure ya kugawa video ndefu vipande vipande. Ya kwanza kutokea ilikuwa tovuti yenye rangi nzuri iliyosema hakuna haja ya kuweka programu yoyote: unapakia video yako, wao wanaikata, unaichukua. Nikamweleza Shangazi. Akavaa miwani, akausogelea uso wa kompyuta.

"Naipakia wapi?"

"Kwao. Kwenye kompyuta zao."

"Kina nani hao?"

"Sijui, Shangazi. Wako nje huko."

"Wifi!" alimwita mama yangu jikoni. "Mwanao anataka kuwapelekea wazungu video yako ukikata kiuno!"

Mama alikuja mbio na mwiko mkononi. Kwa heshima zote, katika video ile mama yangu alikuwa amefanya mambo na kanga ambayo baba, Mungu amrehemu, nadhani hakuwahi kuyaona. Tovuti ile tukaifunga. Likawa sharti la kwanza la kuchagua: programu iwe ndani ya kompyuta yangu, ifanye kazi hata intaneti ikizimwa, na harusi isitoke nje ya nyumba bila ruhusa ya bibi harusi. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata wataalamu hutoa ushauri huohuo, ila hawautoi wakiwa wameshika mwiko.

Programu ya pili niliipakua siku iliyofuata nikiwa shuleni. Ilikuwa ya bure, na ilikata vizuri. Ila nilipofungua kipande cha kwanza, nilimkuta Shangazi amekaa kwenye kiti chake cha mapambo, hina, jasmini, dhahabu ya kuazima, na kifuani kwake, kwa herufi kubwa nyeupe, limeandikwa jina la programu. Kuliondoa kunataka kulipia.

"Huyu ameniandika kama gunia la saruji," alisema Shangazi. "Mtoe."

Ya tatu haikuandika mtu. Ilisifiwa sana na vijana wa mtandaoni wenye kompyuta zenye nguvu. Yangu haina nguvu. Programu ile, kila unapokata kipande, ilikipika upya chote, picha kwa picha, toka mwanzo hadi mwisho, na feni ya kompyuta ikawa inalia kama mashine ya kukamua miwa. Niliiacha ikipika, nikaenda kufundisha, nikarudi, nikasahihisha madaftari, bado inapika. Kipande kilipoiva, sauti ilikuwa imeachana na picha. Vigelegele vilitangulia, midomo ikafuata baadaye. Mama yangu aliitazama akasema inafanana na harusi nyingine aliyowahi kuhudhuria, ambako bwana harusi alijibu kabla ya kuulizwa.

Ya nne niliipata kwa mwalimu mwenzangu wa hesabu. Aliniambia ni ya bure kwelikweli, imetengenezwa na watu waliojitolea, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu kuuona. Haina mapambo. Haijui kuweka maua pembezoni wala nyimbo. Inajua jambo moja: kukata. Na haipiki upya. Inachana video palepale kama unavyochana kitambaa, ndiyo maana kipande kinatoka kwa kufumba na kufumbua, na picha inabaki safi kama ilivyokuwa.

Nilifurahi kupita kiasi. Mchana mmoja tu niliwakata wote, na Shangazi akaniambia kipi kiende kwa nani. Kipande cha ngoma nikakiweka kwenye kundi la simu la wanawake peke yao. Kipande cha mama mkubwa akiingia na gauni lake nikamtumia mwenyewe, kwa sababu hakuomba kingine chochote. Mgongo wa jirani nikautupa. Na ile sehemu ambayo wageni wameshajitanda na bwana harusi anaingia ndani kumtolea salamu mkewe nikaikata vizuri, ianzie pale anaposema "Asalaam aleikum", nikaiweka kwenye kundi kubwa la koo zote mbili, Tanga, Ushongo na Maskati, kisha nikaenda kuoga.

Bwana harusi huyo ni mjane wa Ushongo, huko Pangani, fundi mstaafu wa mashine za boti, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Alipoingia ukumbini siku ile, Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa chini ya mtandio, na wageni wote walisema mashaallah, aibu ya bibi harusi hiyo, kama msichana.

Nilipotoka bafuni nilishika simu nione wamesemaje. Nikafungua kipande. Hakikuanzia kwenye salamu. Kilianza sekunde kadhaa nyuma yake. Mlango bado umefungwa, Shangazi kainama na aibu yake, na chini ya mtandio ule sauti inasema wazi kabisa:

"Wifi, huyu mtu akikoroma, namrudisha Ushongo kwa miguu."

Na sauti ya mama yangu: "Nyamaza, kamera inasikia."

"Kamera inakula pilau. Nimeiona."

Ndipo mlango unafunguliwa na mzee wa watu anatoa salamu.

Nilikaa chini na taulo langu. Watu wengi walikuwa wameshakitazama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuandika. Kisha bwana harusi mwenyewe akatuma ujumbe wa sauti, taratibu, kwa lafudhi yake ya Pangani:

"Mimi sikoromi. Nahema kwa nguvu."

Halafu binti yake akaandika: "Baba unakoroma. Tulihama chumba."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia chochote. Maskati walicheka kwa maandishi, kwa sauti na kwa vikatuni. Nilimpigia Shangazi nikiwa tayari kulia.

"Shikamoo Shangazi. Nakifuta sasa hivi. Sijui programu imefanya nini."

"Marahaba. Usiguse," alisema. Nyuma yake nilisikia mwanamume akicheka mpaka anakohoa. "Amekisikiliza mara ngapi sijui. Ameshaanza kulala kiubavu, kwa adabu."

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenieleza kilichotokea, kesho yake, akijitahidi asicheke. Video haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa muda inaandika mabadiliko tu, kisha picha kamili nyingine. Programu isiyopika upya haiwezi kuanzia katikati; lazima irudi nyuma mpaka kwenye picha kamili iliyo karibu. Kuna kitufe cha kukuonyesha picha hizo zilipo, unachagua mwenyewe. Nilikuwa sijakiona. Sasa nakitumia kila mara, na programu ile sijaibadilisha.

Wiki iliyofuata Shangazi alikuja tena, safari hii peke yake, akataka tuiangalie video yote. Tuliangalia alasiri nzima, kahawa na visheti. Alicheka mama alipokuja na kanga. Alimtukana jirani mnene kwa upendo. Tulipofika pale ngoma ilipopumzika, wakati kila mtu alikuwa nje akipokea wageni, ukumbi ulikuwa mtupu na yeye amekaa peke yake kwenye kiti. Hakuna kinachotokea. Anajipepea. Ananyoosha mkono mmoja, anaitazama hina, anaugeuza, anautazama tena. Nikashika kipanya niirushe mbele.

"Acha," alisema.

Tukaangalia. Ni dakika nyingi za mwanamke anayejipepea.

"Ile harusi yangu ya kwanza haina hata picha moja," alisema. "Nilikuwa na miaka ya kutojua kitu. Sikumbuki hata nilivaa rangi gani. Nimeuliza, na hao waliokuwepo nao hawakumbuki."

Nikammiminia kahawa.

"Nikatie hapo," alisema. "Kuanzia nilipobaki peke yangu mpaka walipoingia."

Nikaitafuta picha kamili iliyo jirani, nikakata, nikamwekea kwenye simu. Aliniuliza kama mtu mwingine anacho. Nikamwambia hana. Akaifungia simu kwenye pochi, akavaa buibui lake, akanisisitiza nimkumbushe mama yangu kurudisha sinia la watu, akaondoka.