Hana Kazi, Amekaa Tu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Fyness Kachingwe amesimama nje ya nyumba ya msusi Eluby Makunganya mtaani Ndirande, tableti mkononi, na bado hajabisha hodi. Alifika hapa wiki iliyopita. Leo amerudi kurekebisha kosa, na amebakiwa na siku mbili.

Fyness, 34, ni karani wa muda wa takwimu. Analipwa kwacha elfu kumi na tano kwa siku kuwauliza watu wa Blantyre wanafanya kazi gani, ili nchi ijue ususi, ushonaji, kunyoa, kufua na kubeba abiria kwa baiskeli vinachangia kiasi gani katika uchumi wake.

Wiki ile alipita nyumba sitini na nne akiuliza: una kazi? Kwa Kichewa alitumia neno "ntchito", na hapo ndipo alipoharibu. Huku ntchito ni ya kuajiriwa, yenye bosi na mshahara. Anayejitafutia mwenyewe anafanya "geni". Nyumba hamsini na moja zilimjibu kwamba hakuna mwenye kazi, naye akaandika hivyo hivyo.

"Nimezaliwa hapa, nikaandika kama mgeni," anasema. "Usingizi sipati."

Msimamizi wake hakumfokea. Alimuuliza tu: "Kwa fomu zako, Ndirande nzima hakuna anayesuka. Sasa wewe umesukwa na nani?"

Alikuwa amesukwa na Eluby.

Fomu zisiposahihishwa kufikia Ijumaa, mkataba wake umekwisha. Ana watoto wawili na mama yake, na kwao, anasema, mwenye kazi ni yeye peke yake.

Hatimaye anabisha. Ndani, Eluby ana kichwa cha mteja magotini.

"Umerudi, mwanangu? Nilikwambia sina kazi, nakaa tu. Au umesikia nimeajiriwa?"

"Kweli anakaa," mteja anadakia. "Vinavyohangaika ni vidole."

Wanacheka. Fyness hacheki.

"Mama, leo siulizi ntchito. Nauliza geni."

Vidole vya Eluby vinasimama. "Ahaa. Kumbe mnatuletea kodi."

Fyness anaeleza kwamba majina hayaendi kwa watu wa kodi. Ameyasema hayo tangu Jumatatu, na nyumba saba zimemfungia mlango.

"Ngoja nikuulize na mimi," Eluby anasema. "Mama yako, anayefulia watu nguo, kwenu mlimwandikaje?"

Fyness anainamisha kichwa. Fomu ya kwao ilijazwa na karani mwenzake, Dyton, na aliyejibu maswali ni Fyness mwenyewe. Mama yake amefulia watu kwa miaka ishirini na sita. Ada ya shule ya Fyness ilitoka katika beseni lake la kufulia.

"Nilisema hana kazi," anajibu. "Amekaa tu."

Eluby anaendelea kusuka. "Haya, andika. Vichwa vitatu kwa siku, Jumamosi vitano. Halafu ukamtoe mama yako kati ya waliokaa tu."

Zimebaki nyumba ishirini na tisa. Fyness hajui kama atazimaliza, wala kama wiki ijayo atakuwa na kazi. Lakini akiwa njiani kuelekea nyumba inayofuata anampigia Dyton simu, anamwomba aje kesho jioni kuijaza upya fomu ya kina Fyness.

"Nataka mama aulizwe mwenyewe," anasema baada ya kukata simu. "Safari hii mimi ndiye nitakayekaa tu, nisikilize."