Neno la Kumwandikia Mama Mdogo

Mama mdogo alifariki Jumapili, na Jumatatu asubuhi mwanawe akanipigia simu kutoka Tongaren. Hakulia. Alisema tu, "Dada, historia ya marehemu ni wewe utaandika. Si wewe ndio mtu wa madaftari?"

Nilimwambia kuna wapwa zake waliofika chuo kikuu. Mimi niliishia kidato cha pili, na madaftari yangu ni ya kuandika mvua imenyesha lini na nani amekuja kututembelea. Hakunisikiliza.

"Hao wataandika Kizungu. Mama alipenda Kiswahili chake. Na uandike wazi ati alikulea. Watu wasikie."

Nikasema sawa. Neno hilo la kulea halikunishtua wakati ule. Lilianza kunisumbua nilipoketi hapa Kitale, jikoni kwa mama yangu mzazi, kalamu mkononi, naye akichambua mboga za saga kwenye ungo mbele yangu.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Hapa panaposema alinilea."

Mikono yake ikasimama. "Alikulea? Na mimi nilikuwa nimekufa?"

Nieleze. Baba alioa wake wawili. Mama yangu ndiye wa kwanza, na alikaa Kitale kwenye chumba cha kukodi, akiuza mitumba sokoni. Mama mdogo alikaa shambani Tongaren. Baba mwenyewe alifanya kazi Webuye, tukamwona mwisho wa mwezi, mara huku, mara kule. Nilipofika darasa la tatu mama aliugua kifua, nikapelekwa Tongaren kukaa kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka mitano. Mama alipona mwaka wa kwanza. Kwa nini sikurudi, kila mmoja wao alikuwa na maelezo yake, na mimi sikuwa mkubwa wa kutosha kujua yapi ni ya kweli. Ninachojua ni kwamba kila likizo nilikuwa Kitale, na viatu vya shule vilitoka kwa mama kila Januari, bila kukosa. Hiyo ni haki yake, lazima niiandike.

Lakini mapenzi yangu ya maneno yalitoka Tongaren.

Mama mdogo alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru kanisani, na aliyashika maneno kama mtu aliyechelewa kuyapata. Alikuwa na kamusi moja aliyoivalisha jalada la mfuko wa unga. Kurasa za mbele zilikuwa zimeng'oka, kwa hivyo ilianzia herufi ya D. Maneno yaliyotangulia hapo tulibishania wenyewe mpaka mmoja wetu achoke, na kwa kawaida nilichoka mimi.

Wakati wa mavuno ndio nilikoma. Nikisema nimemaliza mahindi, ananiuliza, "Umemalizaje? Umeyavunja, umeyaambua maganda, au umeyapukuchua?" Maharagwe yalipurwa, yakapepetwa, halafu yakachaguliwa, na ole wako umwambie umechagua kumbe umepepeta tu. Bado naona turubai limetandazwa uani, vumbi la maganda limejaa puani, naye ameinama akiokota punje moja iliyooza na kunionyesha bila kusema kitu. Sijui kama nilikuwa na furaha wakati huo. Nikikumbuka, ninaona nilikuwa nayo.

Majirani walimcheka. "Bana, kwa huyu mama hata kuku wanaongea Kiswahili cha redio!"

"Angalau wanaeleweka," aliwajibu.

Sitaki kumpamba. Alinichapa mara mbili, na mara moja sikustahili. Kusifu hakujua. Nikiwa wa kwanza darasani aliuliza wa pili aliachwa kwa alama ngapi.

Sasa, kuna siku moja. Nilikuwa darasa la tano, wazazi wameitwa shuleni, na mwalimu akamshika mama mdogo mkono mbele ya watu. "Mama, huyu mtoto unamlea vizuri."

Akajibu, "Asante, mwalimu. Lakini mama yake yuko Kitale. Yeye ndiye anayemlea. Mimi namtunza tu hapa karibu na shule."

Nilitaka ardhi inimeze. Niliona amenikataa mbele ya darasa zima. Tulirudi nyumbani katikati ya mashamba ya mahindi, mimi nyuma, nikivuta miguu. Mwisho akageuka.

"Umenuna au umehuzunika?"

Nikachuma jani la mahindi.

"Anayenuna anataka aonekane. Anayehuzunika, hata akiwa peke yake bado anahuzunika. Ni lipi?"

Nikafikiri kwa kweli, maana nilijua atangoja. "Nimenuna."

Akacheka mpaka akashika kiuno, akanipa mkoba wake niubebe. Lakini sikuwa nimemwambia ukweli wote. Yalikuwa yote mawili.

Basi kwa siku tatu sikuandika mstari mwingine. Nilimwomba ndugu yangu wa Tongaren aniangalizie lile neno kwenye ile kamusi. Akatuma picha kwa simu, kidole gumba kimefunika pembe ya ukurasa. Mama mdogo alikuwa amepiga mstari wa penseli chini ya "legea" na chini ya "lemea". Chini ya "lea" hakuweka alama yoyote. Sijui nilitegemea nini.

"Dada, wanaochapisha Bungoma wanataka hiyo karatasi kesho," akaandika chini ya picha.

Nikaandika, "Alinitunza kwa miaka mitano." Niliona ni haki, kwa kuwa neno ni lake mwenyewe, na mama yangu hataumia. Nikamsomea mama. Na ili ajue sikulibuni, nikamsimulia ile siku ya mwalimu. Sikuwahi kumsimulia kabla. Nilidhani ni aibu yangu peke yangu.

 Mama akachukua sufuria, akaiweka chini tena.

"Alisema hivyo? Mbele ya mwalimu?"

"Alisema."

"Ati mimi ndiye nalea?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa. "Na mimi hapa sokoni wakiniuliza mutoto yuko wapi, nilikuwa nasema yuko shule. Sikuwahi kusema yuko kwa nani." Akafuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kwa kidole. "Soma tena hapo."

"Alinitunza kwa miaka mitano."

"Futa. Ng'ombe ndio hutunzwa. Andika alikulea."

"Niongeze kwamba alisaidiana na wewe?"

"Usiniweke. Siku ni yake. Yangu nayo utaniandikia."

Nikafuta. Nikatuma. Ndugu yangu akajibu, "Si nilikuambia tangu Jumatatu?" Ni kweli, aliniambia.

Jumamosi, mazishini, nilisoma mbele ya hema. Nilikuwa nimeogopa sauti itakatika mahali hapo, lakini ilikatika mbele kidogo, kwenye kamusi, ambapo sikutarajia. Nilipolitamka lile neno nilimtazama mama. Alikuwa safu ya pili, ameketi wima, macho kwenye karatasi ingawa miwani alikuwa ameiacha Kitale.

Nilipokuwa narudi kuketi nilimsikia mama mmoja wa Chwele, aliyezoea kununua nguo kwa mama yangu, akimwinamia. "Kumbe huyu si wewe ulimlea?"

Mama hakushusha sauti. "Tulikuwa wawili," akasema. "Kwani wako alilelewa na wangapi?"

Watu wa safu ya nyuma wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakanyamaza. Mama akasogea kidogo kwenye benchi ili nipate pa kukaa.