Maneno ya Mlangoni kwa Mpwa Wangu

Mpwa wangu ni fundi wa masofa, na ufundi huo alipewa na mimi, enzi mikono yangu ilikuwa bado haitetemeki. Alifanya kazi kwenye karakana za watu miaka kumi na minane, mpaka juzijuzi akapata chumba chake mwenyewe, cha mabati, ubavuni mwa duka la rangi. Mimi siku hizi sina shughuli, natembeatembea tu, lakini asubuhi miguu hunipeleka pale yenyewe.

Kabla hajafungua, mkewe alimkalisha chini. Ni mwalimu wa chekechea, yule; ukimjibu ovyo anakungoja ujibu upya.

"Unafungua kwa nini?"

"Si ili tule, mama watoto."

"Hata panya anatafuta kula, na hana karakana. Jibu."

Walivutana siku tatu. Mwishowe wakaandika mlangoni kwa rangi ya buluu: kwamba karakana hii ipo ili aliyechoka apumzike, kwamba inataka kufika mahali mteja akae bila kukagua kiti, na kwamba humu hakiingizwi ndani ya kiti kitu kisichoweza kuonyeshwa. Hilo la tatu alilitoa mpwa wangu mwenyewe. Nilipolisoma nilikohoa, nikajifanya natazama rangi kama imekauka.

Maana mimi ndiye niliyemfundisha matambara. Sponji ikipungua, unakunja magunia na nguo kuukuu, unazitandaza chini, juu unalaza kipande kizuri, unavuta kitambaa, kwisha. "Nani atapasua kiti chake mwenyewe?" ndivyo nilivyokuwa nikimwambia, tukacheka.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu. Alileta kiti cha mumewe, ambaye hatembei tena, anakaa kutwa. Siku ya kukichukua alisimama mlangoni akasoma yale maneno kwa sauti, yote.

"Fundi, nimepita karakana tatu," akasema. "Haya ndiyo yaliyonileta kwako. Mzee wangu ameanza kutoka vidonda kwa kukaa."

Mpwa wangu alikuwa ameshika kisu cha kukatia uzi. Akabaki amekishika hivyohivyo.

"Mama, usikibebe," akasema. "Samahani."

Akakipindua kiti, akapasua kitako. Likatoka gunia, kikafuata kipande cha pazia, kisha mkono wa shati, na vifungo vyake bado vimo.

"Sponji ilipungua, mama. Mikono imezoea."

"Mikono imezoea, na macho yalikwenda wapi? Vifungo hivi ndivyo vingemkaa mume wangu kwenye kidonda?"

Akarudisha kisu kwenye kitako, akaendelea kupasua. Jasho lilimtoka puani.

"Nani alikufundisha kazi hii?"

Mimi nilikuwa kwenye benchi, hatua mbili tu. Nilingoja anitaje. Angenitaja, angekuwa hajakosea.

"Nilijifunza tu, mama. Huku na huku."

Yule mama akanigeukia. "Na wewe mzee wangu, ni fundi wa hapa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Mimi napita tu."

Nilijisikia nikilisema. Mpwa wangu naye alinisikia, maana kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Mama hakuondoka. Alivuta kigoda, akasubiri mpaka sponji mpya ikaletwa. "Shona, nakuangalia," akasema. Kila aliyepita akauliza kulikoni, alijibiwa wazi: "Namlinda fundi asijaze matambara." Watu wakacheka. Mpwa wangu alishona shingo imeinama, hakuinua uso hata kwa salamu.

Kufika adhuhuri ikabaki kona ya mwisho. Kuvuta kitambaa cha kona ni kazi ya watu wawili: mmoja anavuta, mwingine anapigilia. Siku zote tukiwa pamoja, upande ule nashika mimi. Alinitazama mara moja tu, akageuka.

"Mama," akasema taratibu, "hebu nishikie hapa."

Yule mama akainuka akashika. Mimi nikabaki pale kwenye benchi, mikono mapajani.