Wimbo wa Kumi

Redio ya kwaya yetu hapa Baraka ni jinga. Ukiichomekea flashi, inafuata majina ya mafaili herufi kwa herufi: ikimaliza 1 inarukia 10. Ndiyo maana Jumamosi, bibi harusi alipoingia kanisani na wimbo wa kwanza, hata hajafika mbele, wa kumi ukaanza, ule wa kuzikia wafu. Watu wakasimama, wanaume wakavua kofia.

Jumatatu mama presida, kiongozi wa kwaya, akaniletea flashi niirekebishe, akasimama nyuma yangu mbele ya ordinateri, kompyuta yangu. Boti la kwenda Kazimia, nililotaka kusafiri nalo, lilikuwa karibu kuondoka, miguu haikutulia. Nikaandika mstari mmoja wa amri, wa kuweka sifuri mbele ya kila namba ndogo, nikabonyeza. Majina yote yakageuka papo hapo: 01, 02, 03.

“Tayari, mama.”

“Tayari nini? Mi sione kazi yenye umefanya. Weka tusikilize zote.”

Nikaweka. Katikati ya wimbo wa nne boti likapiga honi, likaondoka. Wa kumi ulipofika, mwisho kabisa, mama akasimama kwa heshima. Nami nikasimama, nikalizika boti langu.