Usingizi wa Radi

Mume wangu alikuwa mpasua ng'ombe machinjioni, mtu wa shoka. Wenzake walimbandika jina la Radi kwa kukoroma kwake, naye akalibeba kama cheo. Mimi na mwanangu tulihamia chumba cha pili, angalau mtoto apate kulala.

Kilichomkondesha ni presha. Alimeza dawa aina tatu mbele ya macho yangu, na bado kipimo kilisoma mia na tisini. Muuguzi akamgombeza: "Wewe dawa unazitupa!" Alirudi nyumbani akaupiga mlango teke hadi bawaba ikang'oka. Msimamizi wa machinjio naye alishamwambia, presha isiposhuka, shoka hashiki tena.

Mchana mmoja nikampelekea chakula. Wachinjaji huanza kazi alfajiri, kwa hiyo saa saba hujilaza juu ya magunia, aproni zingali na damu. Nikakuta wamemzunguka, wanahesabu kwa sauti.

"Ishirini na tisa... thelathini..."

"Mnahesabu nini, shemeji zangu?"

"Ngoja uone utamu, shemeji! Radi akikata pumzi, tunabashiri itarudi kwenye ngapi."

Kifua hakipandi. Midomo imekuwa rangi ya ini. Nikamrukia, nikamtikisa. Akazinduka kwa mkoromo wa fahali aliyekatwa koo, ngumi zikatangulia macho. Ya kwanza ikanipata shavuni, ya pili ikamng'oa jino mpiga hesabu mmoja. Damu ya mtu ikachuruzika kwenye damu ya ng'ombe.

"Nimempiga nani?" akauliza. Aliponiona, akakaa chini akalia.

Kesho yake nikamburuta mpiga hesabu, pengo na yote, hadi kwa daktari. "Haya, sema ulichohesabu."

Daktari hakucheka. "Kila pumzi ikikatika, mwili unadhani unanyongwa," alisema. "Moyo unapigana, mishipa inakaza, presha inapanda na kukataa kushuka. Dawa anameza. Usingizi ndio unaompiga."

Wakampima mume wangu akiwa amelala, wakampa mashine ya kumsukumia hewa puani. Siku ya kwanza aling'oa barakoa yake akaibamiza ukutani.

"Mnaninyonga!" Akainua mkono.

"Piga," nikamwambia, "halafu uivae."

Mkono ukashuka. Akainamisha kichwa kama mtoto anayevishwa sweta.

Presha ilianza kushuka mwezi wa tatu wa kuivaa, na dawa bado anameza. Shoka alinyang'anywa, na hajarudishiwa. Anapima nyama mizanini, amenuna, lakini anapumua.