Udongo Wangu na Tope la Bahi

Wajawazito wenzangu mnanielewa: nikikosa udongo wa sokoni, siku haiendi. Wangu niliuweka juu ya meza ya maabara, jirani na vipande vikavu vya tope la bwawa la Bahi. Humo tunasaka mabaki ya wadudu wa majini, yatueleze bwawa lilijaa lini na lilikauka lini.

Jana nilichukua kipande, nikakiloweka, nikachungulia hadubini hadi shingo ikauma. Hata mguu wa mdudu sikuuona. Nikamtangazia profesa mbele ya wageni kwamba Bahi haijawahi kuwa na maji.

"Hata mdudu mmoja?"

"Hata wa dawa, Profesa," nikajibu kwa madaha, huku natafuna udongo wangu. Ulikuwa na kachumvi katamu kuliko siku zote.

Profesa akanikazia macho. "Mama kijacho, huo mguu ulionata mdomoni mwako ni wa nani?"