Divai Niliyoizeesha Mbele ya Wakwe

Sitaficha, aibu hii niliitengeneza mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, na ukikumbuka kwamba mimi ni fundi cherehani hapa Katindo, Goma, mtu anayelipwa ili asikosee hata sentimita moja, basi ujue siku ile nilikosea kwa miaka ishirini na sita.

Ilikuwa siku ya wakwe kuja kumwomba binti yangu Furaha, mtoto wangu wa kwanza, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, mwenye diploma (naitaja diploma kwa sababu nilishona nguo za watu miaka mitano ili aipate, mtanisamehe, kila mgeni wangu lazima aisikie). Upande wa kijana walitoka Butembo, watu wa kahawa, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Muzee Paluku, pamoja na shangazi mmoja, Mama Kavira, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa wima kwenye kiti kana kwamba anasimamia mtihani.

Sasa, mimi nilikuwa na chupa ya divai nyekundu niliyopewa na mteja mmoja baada ya kumshonea suti ya harusi, akaniambia niiweke kwa siku kubwa. Asubuhi ile niliitoa, nikapitisha jicho juu ya karatasi yake, nikaona maneno ya Kifaransa yameandikwa kwa herufi kubwa, vieilles vignes, na mimi nikaishia kwenye neno la kwanza, maana vieilles ni -zee, kila mtu anajua, nikasema basi hii ni divai ya zamani, nikaridhika. Ningenyamaza na kuwamiminia watu tu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nilimwinamia mdogo wangu Faustin, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, nikamnong'oneza, "Uwaambie hii divai ni ya zamani sana."

Faustin ni mtu ambaye ukimpa uzi anakurudishia koti. Alisimama, akaiinua chupa, akasema, "Wapendwa wetu wa Butembo, hii divai kaka yangu aliiweka siku ile mutoto alizaliwa. Umri wake ni umri wa bibi arusi."

Watu wakapiga makofi. Pale pale ningeweza kukohoa, ningeweza kusema ngoja kidogo, lakini makofi ni matamu jamani, nikatikisa kichwa taratibu kama mtu mwenye siri ya miaka mingi.

Muzee Paluku akauliza kwa upole tu, kwa sababu alitaka kujua, "Na volkano ilipokuja kuunguza mji, chupa ilikuwa wapi?"

Nikausikia mdomo wangu ukijibu, "Ilikuwa kijijini Kalengera, Muzee. Kwa mama yangu, chini ya kitanda."

Mama yangu alikuwa ameketi hapo hapo, kiti cha tatu kutoka kwangu. Ni Mkristo wa wimbo na maombi, tangu nizaliwe sijaona hata pombe ya ndizi ikivuka mlango wake. Akanigeukia. "Chini ya kitanda changu?"

Watu wengine walicheka, lakini Mama Kavira hakucheka. Aliomba chupa, akavaa miwani, akasoma mbele, akasoma nyuma, kidole kikifuata mstari kama anasahihisha daftari, halafu akaiweka mezani. "Papa Furaha, hapa wameandika mavuno ya mwaka jana."

Nikaitazama chupa kana kwamba ndiyo iliyosema uongo.

"Siulizi kwa ubaya," akaendelea. "Lakini kama divai imeongezewa miaka, na ile diploma tuliyoambiwa, tuiamini namna gani?"

Hilo lilinichoma. Mimi kuitwa mwongo ni haki yangu, nilikuwa nimejitafutia, lakini mtoto wangu hakuwa amefungua hata mdomo. Nikasimama, jasho limeshafika kwenye kola niliyoishona mwenyewe. "Mama Kavira, Muzee, uongo ni wangu peke yangu. Chupa nilipewa na mteja. Kitanda cha mama yangu hakijawahi kuona divai."

"Asante," mama yangu akasema.

Kabla sijakaa, Furaha akatoka chumbani bila kuitwa (bibi arusi hatoki bila kuitwa, nikaona na hiyo nayo imeharibika). Akawasalimia wakubwa kwa mikono miwili, akaichukua chupa. "Munisamehe. Papa hakusoma mupaka mwisho. Hawasemi divai ni ya zamani, wanasema mizabibu ndiyo mizee. Shina linazeeka, tunda ni la mwaka." Akamgeukia Muzee Paluku. "Muzee, kule kwenu, muti wa kahawa alioupanda babu unazaa kahawa ya umri gani?"

"Ya musimu huu," mzee akajibu. "Inakuwa kidogo, lakini inapita ile ya miti michanga. Mizizi imeshuka mbali."

"Basi muonje, Muzee."

Akamimina. Rangi ilikuwa bado na zambarau pembeni mwa glasi. Nami nikaonja, kwa aibu yangu yote, nikakuta inkeri, yale matunda meusi ya porini tuliyochuma Kalengera tukiwa watoto, yaliyoiva hadi yanapasuka mkononi, halafu kitu kikavu kikanishika ulimi.

Muzee Paluku alikaa nayo mdomoni muda mrefu. "Ni changa," akasema. "Lakini imeiva."

"Agronomu," Mama Kavira akaita, "mbona inakwaruza?"

"Ni maganda ya zabibu, Mama, na mbegu. Ikiwa changa inashika ulimi. Ukiiacha miaka, inalainika."

Mama Kavira akanywa tena, akavua miwani. "Diploma ni ya kweli," akawaambia watu wake. "Wa kukaguliwa ni Papa tu."

Mazungumzo yakaendelea, binti yangu akaombwa na tukamtoa, na mimi niliketi pale nikiwa mtu mdogo kuliko wote chumbani na baba mwenye kiburi kuliko wote Goma, maana alinisahihisha mbele ya wakwe na hakunishusha.

Hadi leo nikipeleka zawadi Butembo, wananipigia simu kuuliza ni ya mwaka gani, nami najibu kwa adabu. Nimeapa, kitu nisichokijua nitakinyamazia. Na Faustin simnong'onezi tena chochote, hata kumwuliza ni saa ngapi.